Mitumbwi ya Karatasi ya Kezia

Kezia hakuwa mtu wa kuomba. Hilo nataka ulijue mapema, usije ukafika huko chini ukamwona ombaomba. Alikulia kambini Tanzania, mahali ambapo watu walipanga foleni ya unga tangu alfajiri, na hata humo kwenye foleni alisimama amenyoosha shingo utadhani amekwenda kulipa. Kazi yake ilikuwa herufi. Aliandika majina ya mitumbwi. Ukitoka Rumonge, huku kwetu Burundi, ukafuata ufuko wa Ziwa Tanganyika hadi Minago, hadi Magara, ukikuta mtumbwi wa zamani kidogo wenye jina la herufi nene nyeupe, kivuli cha buluu upande mmoja na kamkia kadogo chini ya herufi ya mwisho, huo ni mkono wa Kezia, huna haja ya kumuuliza mtu.

Na jina haliachwi kavu hivi hivi. Siku ya kushusha mtumbwi majini, aliyeliandika huchukua kitambaa, akakichovya kwenye mawese, akakipitisha juu ya herufi polepole, mara moja tu. Jina linang'aa, mwenye mtumbwi anatabasamu, wavuvi wanasogea kulitazama. Hapa kwetu ndivyo inavyofanywa. Jina lisilopitishwa mawese ni kama bibi harusi aliyesahau kupaka mafuta miguuni.

Basi zikaja mashine. Mwenye mtumbwi anapanda gari asubuhi kwenda Bujumbura, anarudi na jina lake limechapwa kwenye plastiki, na picha ya mchezaji mpira pembeni, analibandika mwenyewe. Mwaka wa kwanza walimwambia Kezia apunguze bei. Mwaka wa pili hawakumwambia kitu, walimpita tu wakimsalimia vizuri. Salamu hizo ndizo zilizomuuma zaidi.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, ziwa likapanda. Likala kibanda chake cha kazi kwanza, mbao, makopo na vyote. Kisha likaanza kuifuata nyumba, mtaa ule wa chini, kidogo kidogo, leo limelamba mgomba, kesho limefika chooni. Majirani wengi walihama. Kezia alibaki na chumba chake na sanduku la brashi alilolining'iniza juu ya kitanda.

Ndipo alipokuja Lameki. Huyu ni kaka yake mkubwa, waliyerudi naye kutoka Tanzania, mwenye michikichi na mashine ndogo ya kukamulia mawese kule Minago. Lameki ni mtu mwema wa aina inayochosha: hakusikilizi, anakusaidia tu. Alikuja na bidoni la mawese ya zawadi, dumu zima la yale mazuri mekundu ya mkamuo wa kwanza, akalitua, akayatazama maji yaliyokuwa yanapumua nyuma ya nyumba.

"Mdogo wangu, njoo Minago," akamwambia. "Chumba kipo, kazi ya kukamua ipo, na watoto wangu watakuamkia kila siku. Hii ya rangi imekwisha."

"Nipe muda, kaka."

"Nakupa. Lakini siku maji yakivuka kizingiti nakuja na pikapu, na siku hiyo sitaki maneno."

Kezia akakubali, angefanyaje. Lakini alikuwa amekwisha kuitazama mikono ya wanawake wanaokamua kwa Lameki. Chikichi zinapondwa zikiwa za moto, na kidole kikizoea moto huo kinakuwa kigumu, kinene, hakisikii tena unywele wa brashi. Mkono ukienda huko haurudi kwenye herufi. Kwa Lameki, Minago ilikuwa ni kumwokoa dada yake. Kwa Kezia ilikuwa ni kufa akiwa anatembea, na aliogopa, aliogopa kweli.

Mtu aliyemfungulia mlango alikuwa Consolée, mwenye duka la fotokopi karibu na soko, mwanamke mcheshi anayejua habari za kila mtu. Kezia alikwenda kumwomba kazi yoyote ya kuandika. Consolée hakuwa nayo. Akamkalisha lakini, akamwonyesha kwenye kompyuta watu wanaotengeneza vitabu vya watoto Bujumbura, wanaochora mabango ya sinema Kigali, wanaopamba majukwaa ya michezo ya kuigiza Dar es Salaam. Watu wanaoishi kwa mkono na jicho, kama yeye.

"Hawa wanahitaji herufi za mukono," Consolée akasema. "Mashine imewachosha."

"Nitawapataje? Niwaandikie imeli?"

"Imeli hawasomi, dada Kezia. Wanapata mingi kila siku. Lakini kadi ya mukono, yenye kupendeza, ile hawaitupe. Ile wanaiweka ku meza, kila mutu anapita anauliza, hii iko ya nani?"

Maneno hayo Kezia alirudi nayo nyumbani ameyabeba kifuani. Hii iko ya nani. Alilala nayo, akaamka nayo.

Sasa sikiliza jinsi alivyoifikiria kazi ile, maana ndipo utakapomjua. Mtu mwingine angechora ua, au machweo, akaandika nyuma "natafuta kazi". Kezia alijiuliza: mtu husimama wapi? Miaka yote ufukoni aliona jambo moja. Mwenye mtumbwi anaweza kupita mitumbwi yote bila kugeuza kichwa, lakini akifika kwenye jina lake anasimama, hata kama amelisoma jana. Basi hatawapelekea jina lake yeye. Atampelekea kila mtu mtumbwi wenye jina la huyo mtu mwenyewe.

Akanunua karatasi ngumu, zile za bristoli wanazotumia wanafunzi, akazikata kwa kiwembe zikawa postikadi. Kwenye kila moja akachora ubavu wa mtumbwi tu, kutoka ukingo hadi ukingo, na mstari mwembamba wa maji chini. Juu ya ubavu akaandika jina kwa rangi ileile ya mitumbwi iliyobaki kwenye makopo. Nyeupe kwanza, akaiacha ikauke. Kisha kivuli. Kisha kamkia. Jina la mtu wa vitabu wa Bujumbura lilikuwa Leonsi, na Kezia alilipenda jina hilo kwa sababu ya ile O, ambayo aliifanya pana, imekaa juu ya maji imetulia. Nyuma akaandika kwa kalamu ya bic, kwa mwandiko wake mdogo wa shule: "Mimi ni Kezia wa Rumonge. Naandika majina ya mitumbwi. Mtumbwi huu ni wako. Ukitaka herufi nyingine, nipigie." Na namba.

Alipozipanga kitandani zote akazitazama, alilia. Zilikuwa nzuri, bwana. Mimi niliziona, na mimi si mtu wa kusifu ovyo.

Lakini zilikuwa kavu. Ndivyo alivyoziona, kavu, kama jina lililosahauliwa. Akageuka, akaliona bidoni la Lameki. Akachukua kitambaa.

Usimcheke. Wewe pia ungefanya, kama ungekuwa na miaka yote hiyo ya ubao wa mtumbwi mkononi. Aliyapitisha mawese mara moja, polepole, na zile kadi zikaamka. Nyeupe ikawa na joto, karatasi ikawa na rangi ya dhahabu. Akaziacha zikauke siku nzima kwenye hewa, akazigusa kwa kidole, kidole kikatoka kisafi. Akazitia kwenye bahasha, akaandika anwani alizompa Consolée, akazipeleka posta amevaa kitenge chake cha kanisani.

Kisha akaanza kungoja, na kungoja kulimvunja kuliko ziwa. Simu ilikaa kifuani mwake, ndani ya nguo. Akienda kuoga anaiweka juu ya jiwe anapoweza kuiona. Akisimama kuomba kanisani, mkono uko kifuani, watu wanadhani ni ibada. Mara moja ililia namba asiyoijua, akakimbilia nje kwenye mtandao mzuri, kumbe ni mwanaume wa Kabezi anauliza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ni bei gani leo. Kezia akamjibu kwa adabu kwamba hauzi ndagala. Akakaa chini palepale kwenye mchanga.

Majirani waliobaki wakaanza utani. "Kezia, wachoraji wako wamepiga?" Yeye anacheka nao. Akiingia ndani anafunga mlango, anakaa kwenye kitanda, anayasikiliza maji.

Miezi ikapita, hakuna aliyejibu. Si Bujumbura, si Kigali, si kokote. Na mtu aliyebanwa hafikirii kama mimi na wewe tulioshiba. Kezia hakusema labda njia ni mbaya. Alisema kadi hazikung'aa vya kutosha. Akauza ngazi yake, ile aliyokuwa akipandia kuandika kuta za maduka, akanunua karatasi nyingine, akachora upya mitumbwi kwa majina mengine na kwa majina yaleyale isipokuwa la Leonsi, kwa kuwa rangi nyeupe ilimwishia njiani. Na safari hii hakupitisha mawese mara moja. Alipitisha, akangoja, akapitisha tena, mpaka kadi zikawa zinaona haya kwa kung'aa. Akazituma.

Kimya.

Mvua za masika zikashuka, ziwa likaja. Halikuja kwa fujo. Kezia alishusha miguu kutoka kitandani akakanyaga maji, ya vuguvugu, yamefika vifundoni, viatu vyake vinaelea kuelekea mlangoni. Akampigia Lameki mwenyewe, kwa kuwa ahadi ni ahadi. Lameki akasema pikapu ipo Bururi imebeba mzigo, atakuja kesho jioni.

Kesho jioni. Basi alikuwa na kesho mchana. Hapo ndipo yule asiyejua kuomba alipoamua kwenda kuomba. Leonsi ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote, anwani yake Kezia alikuwa ameikariri. Atasimama mbele yake, atamwambia, bwana, nilikuletea mtumbwi, hukuupenda? Kama hakuupenda aseme. Mtu akisikia "sikupenda" anajua pa kulala.

Alifika Bujumbura jua limekwisha kuwa kali, akaulizia mtaa, akauliza tena, akafika kwenye jengo la ghorofa moja lenye cherehani za mafundi chini. Akainua macho kutafuta mlango. Juu, dirishani, kwenye kioo, ulikuwepo mtumbwi wake. Ulikuwa umebandikwa unatazama barabarani, na mwanga wa ndani ya chumba unapita katikati yake, maana mafuta yaliifanya karatasi iwe angavu kama kioo cha taa. Jua lilikuwa limekwisha kuifuta dhahabu. Lakini herufi zilikuwa pale, nyeupe, nzito, na ile O imekaa juu ya maji imetulia. LEONSI. Aliupenda. Kezia alisimama kati ya mafundi cherehani akacheka peke yake, machozi yanashuka, fundi mmoja akamsogezea stuli.

Alipanda ngazi mbio. Leonsi alikuwa mwanaume wa makamo, mwembamba, mikono imejaa wino, mpole. Akamkaribisha, wakapeana amahoro, salamu ya amani, akamuuliza anatafuta nini.

"Ile kadi," Kezia akasema, akionyesha dirisha. "Ile niliandika mimi."

Leonsi akamtazama, akalitazama dirisha.

"Mama, wewe ni wa ngapi sasa," akasema taratibu. "Watu wanaiona toka chini, wanapanda, wanasema ni mimi. Utanionyesha namna gani kama ni wewe?"

"Ilipofika ilikuwa inanuka nini?"

"Ilikuwa inanuka sombe," Leonsi akasema, yaani kile kisamvu chetu cha mafuta. "Hapa tulicheka sana, tukasema iko kadi ya kupika."

"Ni mawese. Ya kaka yangu. Niliyapaka kwa kitambaa, kama tunavyofanya kwenye mitumbwi."

Hapo akaamini. Kezia aliona uso wake unavyoamini, na aliona pia kwamba kuamini kwenyewe hakumfurahishi. Leonsi akaenda dirishani, akaibandua kadi kwa ukucha, akaigeuza. Nyuma hapakuwa na kitu. Rangi ya mtumbwi haiogopi mafuta, lakini bic inayaogopa. Maneno yote aliyoyaandika, jina lake, Rumonge yake, namba yake, yalikuwa yamekimbia yakachanganyika, doa moja la buluu hafifu kutoka pembe hadi pembe.

"Bahasha ilikuja imelowa mafuta," Leonsi akasema. "Sanduku letu la posta tu ndilo lilisomeka, na yenyewe kwa shida. Nilitafuta mwenye kadi hii, mama. Niliuliza waandishi wote wa hapa mujini. Nilikuwa na kitabu cha watoto, cha ziwa, nilitaka herufi hizi na si zingine. Nilingoja mpaka wenye kunipa kazi wakakasirika."

Leonsi akavuta kitabu kutoka rafuni akampa kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole. Jalada lilikuwa la buluu. Juu yake palikuwa na herufi nene nyeupe, kivuli upande mmoja, na chini ya herufi ya mwisho, kamkia.

"Kuna kijana, Mustafa, anajua mukono. Nilimupa kadi akaifuata. Hakuiba, mama, sisi wote hatukujua iko ya nani."

Angemwita mwongo ingekuwa nafuu. Mtu akikuita mwongo unapata pa kushikia hasira. Kezia alikifungua kitabu, akaona herufi zake ukurasa baada ya ukurasa, zimeandikwa vizuri, tena vizuri sana, kijana ana mkono. Alitafuta mahali pa kumlaumu mtu akapakosa. Kila alipotafuta alimkuta yeye mwenyewe na kitambaa.

"Kuna kitabu kingine?" akauliza, na sauti iliyotoka ilikuwa ya foleni, ile ambayo hakuwahi kuitumia hata kambini. "Hata kidogo. Hata namba za kurasa."

"Vinakuja. Mustafa ndiye tulimupa vyote." Leonsi alisugua wino mikononi. "Niachie namba yako. Akizidiwa tutakuita umusaidie. Lakini itabidi ufuate mukono wake, watoto wameisha kuuzoea."

Kezia akacheka. Kicheko kilimponyoka tu, Leonsi akacheka kidogo naye bila kujua wanacheka nini. Kisha Kezia akamwomba kadi yake arudi nayo.

Leonsi akaishika kifuani. "Mama, nisamehe. Hii ni jina langu."

Na kweli lilikuwa jina lake. Kezia mwenyewe ndiye aliyemwandikia kwamba mtumbwi huu ni wako, ingawa maneno hayo hayakufika. Akaomba karatasi. Kabla ya kushika bic alijifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja, akavitazama kwenye mwanga, akajifuta tena. Ndipo akaandika namba.

Jioni aliikuta pikapu mlangoni, nusu ya magurudumu imo majini, na Lameki amekunja suruali anapakia godoro. Alimwona dada yake anakuja, akaona uso wake, akaacha godoro.

"Majirani wameniambia habari za kadi. Ulikwenda kwao? Wamekujibu?"

Bidoni la mawese lilikuwa tayari limepakiwa, karibu na sanduku la brashi. Kezia alilitazama. Angeweza kusema ni nini kilichoyafuta maneno yake. Neno lilikuwa mdomoni, na Lameki alikuwa amesimama pale na maji magotini, mtu aliyekuja kutoka Bururi bila kula.

"Walizipenda, kaka," akasema. "Wamepata mwingine."

"Pole, mdogo wangu." Akampa mkono apande.

Minago, Lameki alikuwa amemwekea jambo la kumfurahisha. Alikuwa amepiga randa ubao mrefu wa mvule, akaununulia na kopo jipya la rangi nyeupe, akaulaza juu ya mapipa mbele ya mashine. Wakamuaji waliacha kazi wakaja kutazama. Alitaka uandikwe, kabla Kezia hajashika kazi nyingine yoyote: MAWESE YA LAMEKI NA DADA.

Kezia aliandika asubuhi yote. Nyeupe, kisha kivuli, kisha kamkia chini ya herufi ya mwisho. Ilipokauka Lameki alisimama nyuma, mikono kiunoni, akautazama ubao kwa furaha ya mtu aliyemwokoa ndugu yake. Akainama, akachota mawese ya moto kwenye kibuyu, akamletea pamoja na kitambaa kisafi.

"Pitisha, dada," akasema. "Ing'ae."

Kezia akakichovya kitambaa, akapitisha.